Pumzi za Injini: Kutoka Miritini Hadi Limuru Kulipima Gari Kuukuu

Treni ya alasiri ilipoanza kuondoka Miritini nilikuwa nimekaa dirishani, mkoba miguuni. Ndani yake mlikuwa na shati la kubadilisha, tochi ndogo na mahamri manane aliyonifungia mke wangu. Nilikuwa nakwenda Limuru kutazama gari. Mwenye gari alikwisha kunieleza kwa simu bila kuficha kitu: "Injini inasumbua. Ikiwa baridi inawaka. Ikishapata moto ukaizima, kuiwasha tena ni kazi."

Kwa gari jingine lolote, maneno hayo yangetosha kunibakisha nyumbani. Lakini hili lilikuwa Mazda RX-8, na mimi na RX-8 tuna deni la zamani.

Mwaka 2011 nilikuwa karani kijana katika ofisi ya kutoa magari bandarini Kilindini. Siku moja iliteremshwa RX-8 nyekundu, milango yake ya nyuma ikifunguka kinyume kama kabati, na yadi nzima ikasimama kuitazama. Jioni lori lilihitaji kupita na dereva wetu hakuwapo. Niliiwasha, nikaisogeza hatua ishirini hivi, nikaizima, nikaenda zangu. Asubuhi haikuwaka. Tulizungusha stata mpaka betri ikalala. Mwenyewe alipofika, alilikuta gari lake jipya likivutwa kwa kamba. Alinitazama, hakusema neno. Mtazamo ule sijausahau.

Baadaye ndipo nilipojua nilichokuwa nimefanya. Injini ile ikiwa baridi hunyweshwa petroli nyingi. Ukiizima kabla haijapata moto, petroli hubaki ndani, hulowesha plagi na kuosha oili kwenye kuta, na oili ndiyo inayosaidia kuziba. Mashine inayohitaji kuwashwa na kupewa muda wake, mimi niliipa nusu dakika. Tangu hapo nilitaka kuielewa, na nilipoielewa nikaitamani.

Treni ilikuwa imeshapita Mariakani, minazi ikibaki nyuma na vichaka vya Taru vikianza. Katika injini ya kawaida, pistoni hupanda na kushuka. Injini ya RX-8 haina pistoni. Ina rota mbili, kila moja ina umbo la sambusa iliyovimba ubavuni, nayo huzunguka ndani ya nyumba yenye umbo la ganda la njugu. Kwenye kila pembe ya sambusa kuna sili, kipande cha chuma chenye unene wa milimita 2 na urefu wa milimita 80. Sili hiyo hukwaruza ukuta wa nyumba yake maisha yake yote, na uhai wa injini nzima uko hapo. Ikichakaa au ikimeguka pembeni, pumzi huvuja kutoka chumba kimoja kwenda cha pili, na injini haiwezi tena kubana hewa inavyopaswa.

Aliyebuni mashine hii ni Mjerumani, Felix Wankel, na kampuni ya NSU ndiyo iliyoiendeleza kwanza. Mazda wa Hiroshima walinunua kibali chake mwaka 1961. Kenichi Yamamoto na wahandisi wenzake wakahangaika miaka na mikwaruzo iliyokuwa ikijichora kwenye ukuta wa nyumba ya rota, mikwaruzo waliyoiita makucha ya shetani. Mwaka 1967 wakatoa Cosmo Sport. Mwaka 1991 gari lao la rota, 787B, likashinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans. RX-8 ilianza kutengenezwa mwaka 2003 na ikakoma mwaka 2012. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hakuna RX-8 nyingine itakayoshuka Kilindini. Zilizomo nchini ndizo hizohizo, na kila mwaka zinapungua.

Nilikula hamri la mwisho Mtito Andei. Nje, udongo mwekundu wa Tsavo ulikuwa unapoteza rangi kwa giza. Masikio yaliziba kidogo, nikameza mate yakazibuka. Mtu wa pwani huhisi upandaji ule mwilini hata akiwa ameketi kitini. Sikufikiri wakati huo kwamba masikio yangu yalikuwa yakinieleza jambo kuhusu gari nililokuwa naliendea.

Nililala kwa binamu yangu South C. Asubuhi nikapanda matatu ya Limuru: Westlands, Kangemi, Uthiru, na kila tulipopanda abiria walizidi kufunga zipu za makoti. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukungu ulikuwa umelala juu ya chai kama shuka lisilotandikwa vizuri, na mimi nilikuwa na shati la Mombasa.

Mwenye gari alinipokea getini. Ni mama mtu mzima, muuguzi mstaafu, mfupi, mwenye sweta la kijani.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia unywe chai kwanza. Gari halitoroki."

Alinimiminia chai ya maziwa, kisha akaniwekea mezani daftari lenye jalada la bluu. Nilidhani ni la hesabu za nyumbani. Lilikuwa la gari. Alilinunua mwaka 2015, na tangu siku ya kwanza alikuwa akiandika kama anavyoandikiwa mgonjwa wodini: tarehe, kilomita, oili iliyoongezwa. Injini ya rota hunywa oili kwa makusudi. Kuna pampu ndogo inayotoa oili kwenye injini yenyewe na kuidondosha ndani ya vyumba vya moto ili sili ziteleze. Kwa hiyo mwenye RX-8 asiyechungulia kijiti cha oili analiua gari lake taratibu bila kelele yoyote. Mama alikuwa akichungulia. "Nusu lita." "Nusu lita." "Robo." Ukurasa baada ya ukurasa, mwandiko uleule wa duara.

Kisha nikafika mwaka 2019, na kurasa zikawa tupu. Hakukuwa na mstari hata mmoja kuanzia Februari hadi Aprili ya mwaka uliofuata.

Mama aliona nimesimama hapo. "Mwanangu alilichukua akafanya nalo kazi Nakuru. Alinirudishia gari, hakunirudishia hesabu. Ningeweza kuzichana kurasa hizo. Lakini mgonjwa ukimficha daktari historia, unamtibu nani?"

Nimenunua na kuuza magari ya watu kwa miaka mingi, na sijapata kuona muuzaji anayemwekea mnunuzi ushahidi dhidi ya bidhaa yake mwenyewe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Pale mezani nililielewa neno hilo kwa namna ambayo shule haikunifundisha.

Gari lilikuwa la rangi ya fedha. Jua la Limuru si kali, na rangi ilikuwa bado hai. Nilipiga magoti nikamulika chini kwa tochi: kutu kidogo kwenye ekzosi, hakuna oili inayotiririka. Ndani, geji kubwa ya mizunguko katikati, namba nyekundu zikianzia 9,000. Nilikuwa nimemwomba Mama asiliwashe kabla sijafika, na kweli boneti lilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Aliwasha mwenyewe. Likawaka baada ya sekunde mbili, likanguruma juujuu, kisha likatulia. Tuliliacha lipate moto wake. Hakuna aliyeligusa mpaka sindano ya joto ilipokaa mahali pake.

Tuliteremka kuelekea Nairobi, mimi nikiwa kwenye usukani. Naomba niseme wazi jinsi lilivyokuwa, kwa sababu mtu akisoma hesabu tu hataelewa kwa nini tunahangaika. Injini ya rota haitetemi. Mizunguko inapanda 4,000, 5,000, 6,000, na badala ya kulalamika inazidi kuwa laini, sauti ikipanda kama kitambaa cha hariri kinachopasuliwa polepole. Kwenye kona za Muguga gari lilikuwa likigeuka na mawazo yangu, bila kuyumba. Nilijikuta natabasamu, na Mama akageuza uso dirishani ili aniachie faragha yangu.

Tulipofika kituo cha petroli karibu na Uthiru niliingia, nikalizima. Tulisubiri dakika kumi. Nikawasha. Stata ilizunguka, ikazunguka, ikazunguka. Sekunde kumi. Nikaacha, nikajaribu tena. Mara ya tatu likashika, likakohoa, likasimama kwa miguu yake. Mama alikuwa ameshika daftari mapajani kwa mikono miwili.

"Mafundi watatu wameniambia imekufa," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyeniambia inaumwa wapi."

Gereji tuliyokwenda iko eneo la viwandani Nairobi, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti. Fundi ni kijana mkimya ambaye ameshafungua injini kadhaa za rota na ana kipimo chake maalumu cha kompresheni. Geji ya kawaida ya pistoni haifai hapa, kwa kuwa hushika pigo lililo kubwa kuliko yote na kukuficha mengine, na kila rota ina vyumba vitatu. Kipimo cha rota hukupa namba tatu kwa kila rota.

Kabla ya kufunga kipimo, fundi alitoa plagi za chini, akaniita. "Boss, weka kiganja hapa. Mathe, zungusha stata."

Niliweka kiganja karibu na tundu la rota ya mbele. Pumzi zikanipiga: fuu, fuu, fuu, fuu. Zilikuwa sawa, za moto, kama mtoto anayepuliza uji. Akanihamishia tundu la nyuma. Fuu, fu, fu. Fuu, fu, fu. Moja yenye nguvu, mbili dhaifu, tena na tena. Mama aliposhuka na kuweka kiganja chake alisimama kimya muda mrefu kuliko mimi. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza kifua.

Kisha zikaja namba, kwa pauni kwa kila inchi ya mraba. Rota ya mbele: 86, 87, 85. Rota ya nyuma: 84, 62, 64.

Kiwango cha chini kabisa cha kiwanda ni kama pauni 99. Niliona namba sita zote ziko chini yake na moyo ukashuka. Sasa nikaelewa walichosema mafundi watatu. Waliona namba zilizo chini ya kiwango, wakafunga boneti na kutangaza msiba.

Fundi alitikisa kichwa. "Hizo 99 ni za Hiroshima," akasema. "Hiroshima iko baharini. Hapa tuko juu zaidi ya mita 1,600. Hewa ya hapa ni kama asilimia 82 ya hewa ya pwani. Injini haiwezi kubana hewa ambayo haipo." Alichukua chaki akagawanya kila namba kwa 0.82 kwenye ubao wa mlango. Mbele: 105, 106, 104. Nyuma: 102, 76, 78.

Nilitazama ubao ule nikakumbuka masikio yangu yalivyoziba Mtito Andei. Mbele, injini ilikuwa nzima. Nyuma, chumba kimoja kilikuwa kizima na viwili vinavuja, tena viwili vinavyopakana. Sili moja ya pembe hulinda vyumba viwili, kimoja kila upande. Kwa hiyo kwa dalili zote tulikuwa na ugonjwa mmoja mahali pamoja: sili moja, rota ya nyuma.

"Presha," Mama akasema taratibu. "Yaani walikuwa wanaipima presha ya mtu wa mlimani kwa kipimo cha mtu wa pwani."

Nilimuuliza fundi swali lililokuwa likinichoma: nikiliteremsha Mombasa jinsi lilivyo, itakuwaje?

"Litawaka vizuri zaidi," akasema. "Hapo ndipo mtego ulipo. Hewa nzito ya kwenu itaficha ugonjwa. Utaendesha miezi ukidhani limepona, na joto lenu lile. Siku sili ikikatika, kipande kinazunguka ndani na kuchana ukuta wote."

Nimekaa na maneno hayo siku nyingi. Ningelikuta gari hilo Mombasa, lingewaka upesi zaidi likiwa na moto, na pengine ningelilipia siku hiyohiyo nikishukuru Mungu. Wazee wana neno jingine: mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa mfichaji angekuwa bahari yenyewe.

Ikaja bei. Mama alitaka shilingi 600,000. Mimi nilikuwa na 650,000, akiba ya miaka minne, na nilikuwa nimemwahidi mke wangu kwamba haitaongezeka hata mia. Fundi alikadiria 260,000 kwa sili zote, springi, gasketi na kazi, ikiwa nyumba za rota zitakutwa salama. Ikiwa ya nyuma imechubuka, tuongeze 140,000. Na kama imechubuka au la, hakuna kipimo cha kuonyesha mpaka injini ifunguliwe.

Nilisema 300,000. Mama akafikiri, akashuka hadi 400,000, na najua halikuwa jambo dogo kwake. Nikapiga hesabu kwenye simu. Habari zikiwa njema, 660,000. Habari zikiwa mbaya, 800,000. Katika hali ya kwanza ningeweza kukopa elfu kumi kwa binamu. Katika ya pili ningebaki na injini iliyotawanywa sakafuni na nyumba isiyo na akiba.

Ndipo nilipoiona kanuni ambayo sasa namwambia kila anayeniuliza kuhusu gari kuukuu: bei yake halisi ni ile ya siku ya habari mbaya. Mwenye uwezo wa habari njema tu bado hajaweza kulinunua, hata likipunguzwa vipi.

"Mama," nikamwambia, "tusipange bei ya kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekiona. Nitamlipa fundi 35,000 aifungue injini. Tukishaona, tupange. Nisipochukua, fedha hizo zimekwenda, sitakudai."

Alinitazama, akanipa mkono. Tuliliacha gari pale. Nilimsindikiza hadi matatu za Limuru, na Jumapili nikapanda treni kuteremka.

Picha zilifika Alhamisi, nikiwa kazini Changamwe. Ya kwanza ilikuwa ya sili, imemeguka pembe, jeraha dogo kama chembe ya mchele. Ya pili ilikuwa ya ukuta wa nyumba ya nyuma: kromu imebanduka kando ya matundu ya plagi, kwa urefu wa kidole. Ilikuwa ile habari mbaya. Ukarabati ungefika 400,000.

Nilikaa jioni ile na mke wangu tukipiga hesabu upya. Mama akishuka hadi 250,000 tungefika pale pale kwenye 650,000, huku 35,000 zikiwa zimeshatoka. Nilikuwa najitayarisha kumpigia nimwombe hivyo. Yeye akanitangulia.

"Mwanangu, samahani sana. Siuzi tena."

Nilinyamaza.

"Nilikuwa nauza maiti," akasema, "kwa sababu waliniambia ni maiti. Kumbe ni mgonjwa, na sasa najua anaumwa wapi. Nimeuguza miaka thelathini. Siwezi kumwachia mtu mwingine mgonjwa aliyekwisha kupata jina la ugonjwa wake."

Akataka kunirudishia 35,000. Nilikataa. Zikaingia kwenye M-Pesa yangu kabla sijamaliza kukataa.

Sitasema kwamba sikuumia. Usiku ule nililala nikiendesha kona za Muguga. Lakini kila nilipojaribu kujiona nimepoteza, nilirudi kwenye ubao wa mlango wa gereji na namba zile sita za chaki. Nilipanda Nairobi kutafuta kujua gari lina thamani gani kwangu. Tulipopima kwa haki, kwa hewa ya mahali lilipo, jibu likatoka, na likamfaa mtu mwingine kuliko mimi. Nisingependa jibu la uongo ambalo lingenipa gari.

Wiki saba baadaye simu iliita, magharibi imeshapita. Sikusikia salamu. Nilisikia injini, imetulia, laini, ikinguruma kwa chini. Kisha ikazimwa. Nilisikia ndege wa Limuru, mlango ukifunguliwa, maji yakimiminwa kikombeni. Mama hakusema lolote, nami sikuuliza. Nilitazama saa ya ukutani. Dakika kumi zilipotimia, ufunguo ukageuzwa.

Ikawaka mara moja.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia, Mama."

"Basi ngoja niandike," akasema, nami nikasikia kurasa za daftari zikifunuliwa.